Jinsi ya Kunyooshwa Bila Jirani Kujua Kuwa Ulipinda

Karibu, bwana. Funga mlango. Na kama unasoma haya ukiwa ndani ya gari pale Lavington Mall, vioo vimepandishwa na injini inanguruma, basi umefika kwa mwenyeji wako. Nakujua. Una geti la umeme, una askari anayekupigia saluti asubuhi, una miaka hamsini na kitu, na kwa muda sasa kiungo ambacho hakijawahi kukuaibisha kimeanza kuelekea Kawangware wakati wewe unaelekea mjini.

Tuanze na heshima yako. Ugonjwa huu unaitwa Peyronie, kwa jina la François Gigot de la Peyronie, mpasuaji wa Mfalme Louis wa 15 wa Ufaransa, aliyeuelezea mwaka 1743. Yaani tatizo lako lilijulikana ikulu kabla halijafika James Gichuru Road. Si saratani. Si ugonjwa wa zinaa. Hauambukizi, na hakuna aliyekuroga. Ni kovu gumu lililoota kwenye utando unaozunguka ile mirija miwili inayojaa damu uume unaposimama. Sehemu nyingine zote zinatanuka, kovu halitanuki, basi uume unainama kule kovu liliko. Kwa wengi unapinda kwenda juu. Madaktari wengi wanadhani chanzo ni majeraha madogo madogo ya chumbani, ya kuteleza na kujikunja, ambayo mwenyewe huyakumbuki. Umri na kisukari huchangia.

Tafiti nyingi hukadiria wanaume 3 hadi 9 katika kila 100. Kwa hiyo kwenye mkutano wa wakazi, ule wa kugombania bei ya kisima na mshahara wa askari, huenda mwenzako yuko viti viwili kutoka ulipo. Hatasema. Nawe hutasema. Hapo ndipo mimi ninapoingia.

1. Zima taa

Hatua ya kwanza ni kutoona. Zima taa ya chumbani na ujitie haya ya ghafla. Lala mapema. Ukishindwa kulala mapema, lala usiku sana na useme ni kazi. Mkeo kwa wiki mbili atadhani umeokoka. Wiki ya tatu atadhani una mwanamke Kileleshwa, na hapo utakuwa umeshtakiwa kwa kosa ambalo, kwa hali yako ya sasa, hata ukilitaka huliwezi. Usijitetee. Kujitetea kunahitaji kuwasha taa.

Hapa naweka utani kando kwa sentensi mbili. Ukiwa katikati ya shughuli ukasikia mlio wa kitu kukatika, uume ukalegea papo hapo na kuvimba, hiyo si Peyronie, ni kuvunjika, na ni dharura ya usiku uleule. Nenda hospitali na nguo ya kulalia.

2. Tibu kila mahali ambapo hakuna daktari

Anza na muuza mukombero kwenye taa za barabarani. Nunua fungu zima, tafuna mpaka ulimi ufe ganzi. Mzizi huu unasifiwa kwa nguvu, nami siugombezi. Lakini nguvu si shida yako, bwana. Shida yako ni mwelekeo.

Halafu shuka River Road. Kule kuna chupa ya kila jambo, na muuzaji hatakuuliza swali hata moja, jambo ambalo utalichukulia kuwa ni adabu. Ukirudi mtaani pitia duka la dawa, nunua vitamini E, kwa sababu kuna mtu ana shemeji aliyenyooka nayo. Mwongozo wa chama cha madaktari wa yurolojia cha Marekani wa mwaka 2015 unawaambia madaktari wasimpe mgonjwa wa Peyronie vitamini E, lakini hao hawamjui shemeji. Malizia na kliniki yenye mashine ya mawimbi. Mawimbi hayo yanaweza kupunguza maumivu. Kunyoosha hayanyooshi, na mwongozo uleule unasema hivyo. Wewe lipa vipindi vyote kwa mkupuo upate punguzo.

Usione aibu kwa msafara huu. De la Peyronie mwenyewe aliwapeleka wagonjwa wake kwenye maji ya chemchemi ya Barèges, huko milimani. Umefuata nyayo za mabingwa.

Jambo moja tu nakukataza hata katika mwongozo wa kushindwa: usijaribu kuunyoosha kwa nguvu ya mikono kama fundi anyooshavyo msumari. Hivyo ndivyo mtu hupata kovu la pili.

3. Dai ukatwe kesho

Sasa umeshatumia pesa, hasira imepanda, na umepata namba ya daktari wa Upper Hill. Wewe ni mtu wa vitendo. Ulimaliza ghorofa kwa miezi minane. Unataka operesheni Ijumaa ili Jumatatu uwe ofisini.

Daktari atakuudhi. Atakwambia ugonjwa huu una vipindi viwili. Kipindi cha kwanza uume unauma na pembe inabadilika. Hudumu miezi 6 hata 18. Kipindi cha pili maumivu yameisha na pembe imetulia. Kisu kinasubiri kipindi cha pili: kwa kawaida mwaka umepita tangu dalili zianze, na kwa miezi 3 hadi 6 ya mwisho pembe haijasogea. Dawa ya kumshinda daktari huyu ni rahisi. Mdanganye tarehe. Mwambie ilianza mwaka juzi, tena useme huku unamtazama machoni.

Faida yake ni hii: atakunyoosha vizuri kabisa, kovu ambalo halijamaliza kazi litaendelea na kazi, na utapinda upya. Hospitali hazina kadi ya punguzo kwa mteja anayerudi.

Na wakati wa kusubiri usimruhusu akuchanganye na habari za ziada, kwa mfano kwamba wachache, kama mmoja kati ya kumi, hupata nafuu bila kufanyiwa lolote. Au kwamba kuna vifaa vya kuvuta uume taratibu vinavyovaliwa kila siku kwa miezi. Au kwamba Marekani iliidhinisha sindano ya kimeng'enya cha kulainisha kovu mwaka 2013. Hasa usimruhusu akuulize swali lile baya kuliko yote: "Mzee, lakini kazi inafanyika?" Kwa maana kama inafanyika, huumwi na mkeo haumii, huenda huhitaji operesheni yoyote. Hakuna mahakama Kenya inayodai nyuzi sifuri.

4. Pima kwa ukarimu

Hapa nakuomba utulie nami, maana wengi wanaoharibikiwa huanzia hapa.

Daktari atataka kuona pembe, na pembe haionekani uume ukiwa umelala. Atakuomba upige picha nyumbani uume ukiwa umesimama, moja kutoka juu na nyingine kutoka ubavuni. Au atakuchoma sindano palepale kliniki usimame mbele yake, kisha apitishe ultrasaundi. Wanaume wa Lavington huchagua picha. Vizuri. Chukua kipimapembe kwenye seti ya jometri ya mtoto, na ukirudishe usiku huohuo kwa sababu kesho ana hisabati. Kabla ya kupiga, hakikisha simu haijaunganishwa na televisheni ya sebuleni. Kabla ya kutuma, soma jina la mpokeaji mara mbili. Kundi la wakazi na daktari wako wote wako juu kabisa kwenye WhatsApp, na kundi la wakazi lina mwenyekiti, katibu na mama mchungaji.

Kisha urefu. Daktari huunyoosha uume ukiwa umelala na kupima kwa rula kutoka kwenye mfupa wa kinena hadi kichwani. Anagandamiza mafuta mpaka afike kwenye mfupa, kwa sababu anajua kitambi cha nyama choma kinaficha mambo. Atakuuliza pia wewe unakadiria ulikuwa urefu gani zamani. Na hapo, ndugu yangu, ongeza. Kila mtu huongeza. Ongeza sentimita 2. Ukiona haya, ongeza 3.

Nitakueleza kwa nini ushauri huu unafanya kazi vizuri hivi. Ugonjwa wenyewe ulishakupunguza kabla hujaingia mlangoni, kwa sababu kovu linavuta. Operesheni nyingi nazo zinapunguza kidogo. Basi mtu aliyeandikiwa kipimo cha kweli kabla ya kisu, siku ya kufungua bandeji anapima, anatoa, anaona tofauti ni sentimita moja au moja na nusu, anaguna na kuendelea na maisha yake. Wewe uliyejiongezea utatoa kutoka kwenye namba ambayo haikuwahi kuwepo. Utaomboleza sentimita ambazo hukuzaliwa nazo. Utamchukia mpasuaji aliyekunyoosha sawasawa, utamwandikia barua, utatafuta mwingine wa kukurefusha, na kila usiku utakuwa unagombana na rula. Hakuna njia ya bei nafuu kuliko hii ya kugeuza operesheni iliyofaulu kuwa msiba.

Wako wanaodai kipimo kiandikwe kwenye faili kabla ya operesheni na wanasaini chini yake. Hao hawana mawazo.

5. Chagua operesheni kwa masikio

Ziko tatu. Chagua yenye jina zuri.

Ya kwanza hufupisha upande mrefu ulingane na upande mfupi. Reed Nesbit, mpasuaji wa Michigan, aliieleza mwaka 1965 kwa waliozaliwa wamepinda, na madaktari wakaihamishia kwa waliopindika ukubwani. Wengine hukata kipande kidogo cha utando, wengine hawakati, wanakunja na kushona tu. Kunyoosha inanyoosha kwa wengi sana, nguvu ya kusimama kwa kawaida inabaki, ila ndiyo hiyo inayochukua urefu. Mtu mwenye pembe chini ya nyuzi 60 na urefu wa kutosha ndiye hasa mteja wake. Neno "kufupisha" likitajwa, wewe simama utoke.

Ya pili huenda upande wa kovu. Kovu linachanwa au kuondolewa na pengo linazibwa kwa kiraka. Kiraka kinaweza kuwa mshipa wako mwenyewe, au utando wa moyo wa ng'ombe ulioandaliwa maalumu. Kwa mwanamume aliyemaliza ng'ombe wangapi sijui pale Kenyatta Market, ni haki ng'ombe naye arudishe mkono. Hii huwafaa waliopinda sana, zaidi ya nyuzi 60, au waliobanwa kiunoni pa uume. Inalinda urefu zaidi, lakini hatari yake ni kwamba uume unaweza kusimama kwa ulegevu baadaye. Utakuwa umesikia "inalinda urefu" na mengine hutayasikia.

Ya tatu ni kuwekewa pampu ndani. Aina ya kujaza maji ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1973. Ni ya aliyepinda na ambaye tena hasimami hata kwa vidonge. Kwa huyu, daktari ananyoosha na kusimamisha kwa mkono mmoja.

Utaona kwamba kabla ya pembe na urefu, linalotangulia kuchagua kati ya tatu hizi ni swali moja: unasimama vizuri au husimami vizuri? Jibu la mwanamume wa kawaida, mwenye gari la kawaida la milioni sita, ni: "Daktari, huko hakuna shida kabisa." Sema hivyo. Sema kwa sauti nzito. Utatoka hospitali na kitu kilichonyooka barabara, kimelala.

Kuhusu bima, piga simu ukiwa peke yako, na uombe idhini yao kwa maandishi kabla ya tarehe ya operesheni. Kama ofisi yenu haina kuta, subiri chakula cha mchana. Yule binti wa huduma kwa wateja hasikii vizuri, nawe utalazimika kurudia jina la kiungo.

6. Andaa hania

Sasa unahitaji uongo, na uongo wa upasuaji lazima ulingane na mwendo. Usiseme jino. Usiseme tezi dume, kwa sababu tezi dume inaleta maombi na mchango. Sema hania. Hania inaeleza kwa nini unatembea ukiwa umetanua miguu, kwa nini hubebi mtungi wa gesi, na kwa nini gari linaendeshwa na mtoto.

Kasoro yake ni wageni. Mtaa huu ulianza na wamisionari wa St Austin na mashamba yao ya kahawa mwishoni mwa karne ya 19, na roho ile ya kutembelea wagonjwa haijatoka hata baada ya ghorofa kuja. Jumuiya watafika Jumamosi na ndizi na maembe. Chama cha mkeo kitafika Jumapili na thamosi ya uji. Kutakuwa na mama mmoja mwenye imani kubwa atakayetaka kuweka mkono mahali penye ugonjwa. Mwelekeze kwenye kitovu.

7. Pona kishujaa

Operesheni ni saa moja au mbili, mara nyingi unarudi nyumbani siku hiyohiyo au baada ya usiku mmoja. Huenda ukakaa na mpira wa mkojo kwa muda. Ukifunguliwa bandeji utaona zambarau, nyeusi, na rangi ya bilinganya iliyosahaulika. Uvimbe huo ni wa kawaida na unapungua. Kichwani pa uume kunaweza kuwa na ganzi kwa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Chini ya ngozi utapapasa vijifundo vya nyuzi. Usipapase kila saa.

Usiku ndio mtihani. Mwanamume mwenye afya husimama mara kadhaa usingizini bila kuombwa, na mshono hauko tayari. Wanaoshauri ukojoe kabla ya kulala, ulale ubavu, na umeze dawa za maumivu kwa ratiba, wanakunyima uzoefu.

Ukitaka kuharibu kwa ustadi, siku ya tano panda boda kwenda Valley Arcade kununua magazeti. Kila tuta litakusalimia kwa jina. Siku ya kumi utajiona umenyooka, kovu la ngozi limefunga, na utataka kufanya majaribio. Daktari alisema wiki 6 bila ngono, lakini daktari alikuwa anazungumza na wanaume wa kawaida. Fanya majaribio. Utando ulioshonwa unahitaji hizo wiki zote ndipo ushike. Nyuzi zikiachia kabla ya hapo, unarudi kwenye pembe yako ya zamani kwa dakika moja, na kwa gharama zilezile utaanza foleni upya. Wale waoga wanaosubiri siku 42, wanaoanza mazoezi ya kunyoosha taratibu pale tu daktari anapowaruhusu, na wanaorudi kliniki kila wanapoitwa, hao hawatakuwa na hadithi ya kusimulia.

Mambo ambayo hayana utani: homa, usaha, uvimbe unaoongezeka badala ya kupungua, kushindwa kukojoa, au kusimama zaidi ya saa 4. Piga simu saa hiyo.

8. Mwambie mkeo mwisho kabisa

Kila kitu kikishakwisha, mketishe. Kohoa. Mwambie, mama watoto, kuna jambo nilikuwa sijakwambia.

Atakutazama. "Baba watoto, ile kitu imepinda tangu Krismasi iliyopita. Nilikuwa naumia. Nilikuwa nangoja uniambie." Halafu atasimama kwenda kuangalia maharagwe.

Ungeweza kumpeleka kliniki siku ya kwanza. Yeye angetaja tarehe ya kweli, angejibu swali la kusimama bila kusita, na kuhusu urefu angesema kile alichokiona. Madaktari wanawapenda sana wake wa namna hiyo. Na yule mwanamke wa Kileleshwa asingezaliwa. Utafiti mmoja wa Marekani ulikuta dalili za huzuni nzito kwa karibu nusu ya wanaume wenye ugonjwa huu, nami nashuku kwamba wengi wao nao walikuwa wanakaa ndani ya magari wamepandisha vioo.

Kama bado unataka njia ndefu, hatua ziko hapo juu. Kama umechoka, fanya hivi: tafuta daktari wa yurolojia, angalia jina lake kwenye rejista ya Baraza la Madaktari la Kenya, KMPDC, iliyo mtandaoni na isiyolipiwa, uone kama yumo na amesajiliwa kwa fani gani. Siku ya miadi muulize ameshafanya operesheni ngapi za namna hii na ni ipi anakushauri wewe na kwa nini. Kliniki ikikupa namba ya M-Pesa kabla haijakuuliza kama bado unaumwa, chukua funguo zako uondoke.